Kilima Tulichokifutia Doha

Kilima kilifutwa Jumapili asubuhi, mwanzo wa wiki yetu ya kazi hapa Doha, na aliyekifuta alikuwa anakula sambusa kwa mkono wa kushoto huku wa kulia ukishughulika na kompyuta. Nilimkemea kwa ajili ya ule mkono wa kushoto. Kuhusu kilima sikusema neno, maana wakati ule sikujua kama kilikuwepo.

Kilima chenyewe kiko Ireland, ufukweni, katikati ya uwanja wa gofu uliobuniwa zaidi ya miaka mia moja iliyopita. Sisi tuko mtaa wa Fereej Bin Mahmoud, ghorofa ya pili juu ya duka la mapazia, katika ofisi inayochora bustani za hoteli, maegesho na viwanja vya michezo. Katika wachoraji wote wa ofisi ile hakuna aliyewahi kukanyaga Ireland. Kazi ilitufikia kwa sababu mmiliki mpya wa uwanja ule ana majengo hapa mjini, na bosi wetu aliwahi kumchorea bustani akaipenda.

Kazi iliitwa urejeshaji. Kwa miaka mingi watu wa kule walikuwa wamepanda miti pasipotakiwa, wamefukia mashimo ya mchanga yaliyokuwa sehemu ya mchezo, wamenyoosha njia zilizokusudiwa kupinda. Mmiliki alitaka uwanja urudi ulivyokuwa siku za mbunifu wake wa kwanza. Wanachama wa zamani walikubali kwa sharti moja: kitu cha tangu mwanzo kisiguswe, kilichoongezwa baadaye kiondolewe. Karatasi ya kuamua kipi ni kipi ingetoka kwetu, na niliyepewa kuiandaa ni mimi. Upande mmoja uwanja wa mwanzo, upande wa pili uwanja wa leo.

Mwenzangu wa meza ya jirani, Mkenya wa Nakuru, ndiye anayepokea vipimo kutoka kwa wapima ardhi na kuvisafisha kabla havijafika kwangu. Kusafisha ni kazi ya lazima hapa. Ardhi ya Doha ni bapa kama sinia, na kila kiwanja tunacholetewa kina malundo ya mchanga uliochimbwa kwa jirani na zege lililovunjwa, yote yakisubiri lori. Mpima hupima kila anachokikuta, na mchoraji wa kwanza huondoa malundo ili ardhi halisi ibaki. Tumefanya hivyo miaka yote mpaka mkono unakwenda wenyewe. Mwenzangu alipoona lundo refu la mchanga limekaa katikati ya njia ya mpira, kati ya mahali pa kuanzia na bendera, alifanya ambavyo mchoraji yeyote wa Doha angefanya. Alilizungushia mstari, akalifuta, akamalizia sambusa yake.

Siku chache baadaye picha za zamani ndizo zilizonistua. Klabu ilikuwa imetutumia picha kadhaa za rangi nyeusi na nyeupe, na katika mojawapo wanaume wenye kofia wamesimama juu ya kilima cha mchanga kilichoota majani, pembeni yao jiwe lililopakwa chokaa. Mwenyekiti wa wanachama, mama mstaafu aliyefundisha hesabu maisha yake yote, alikuwa ametueleza katika mkutano wa kwanza wa video habari za shimo hilo la tano, yaani kipande cha tano cha mchezo, toka pa kuanzia hadi kwenye bendera. Ukisimama pale pa kuanzia huioni bendera. Unaona kilima tu, na lile jiwe jeupe juu yake. Kila asubuhi mtunza uwanja hulisogeza jiwe lielekee ilipo bendera siku hiyo. Unapiga mpira juu ya jiwe, unamwachia Mungu, halafu unazunguka kilima kwenda kuutafuta. Ukimaliza unapiga kengele ili walio nyuma yako wajue njia ni nyeupe.

"Ni shimo la kipuuzi," alisema akicheka, "na mtu akilala mgonjwa hospitalini, hilo ndilo analotuuliza."

Basi nikageuka kwa mwenzangu.

"Kaka, kilima cha shimo la tano kiko wapi?"

"Kilima gani, siz?"

Nilimwonyesha picha. Aliinama, akaitazama, akashika kichwa.

"Aki mimi nilidhani ni kifusi. Si unajua hapa kwetu mlima ni takataka inangoja lori."

"Umefuta historia ya watu, wewe."

"Na sikuwa nimenawa hata mikono! Ngoja nirudishe, ni kubonyeza tu."

Tulicheka. Kosa lilikuwa kosa safi, la bahati mbaya, na dawa yake ilikuwa kidole kimoja. Laiti lingeishia hapo nisingekuwa na la kuandika.

Bosi alikuwa amesimama nyuma yetu na kikombe chake cha chai ya karaki. Alisema tusiguse kitu. Kumbe picha za kompyuta za uwanja usio na kilima zilikuwa zimeshakwenda kwa mmiliki, naye amezipenda kupita kiasi. Bila kilima, anayesimama pale pa kuanzia anaiona bahari yote mbele yake. Mmiliki ameshasema picha hiyo ndiyo ataitangazia.

"Kirudisheni kwenye karatasi ya leo," bosi alisema. "Kwenye karatasi ya mwanzo, hapana."

Nilidhani sikumwelewa. Nilimwelewa vizuri. Kilima kikionekana leo na kisionekane mwanzo, maana yake kimeongezwa baadaye, na kilichoongezwa baadaye kinaondolewa. Tingatinga lingepita juu yake likiwa na kibali cha wanachama wenyewe.

"Lakini watu wamesimama juu yake, injinia. Kwenye picha."

"Mbunifu angekuwa na mashine angekiondoa," alinijibu, bila hata kupandisha sauti. "Hakuwa nazo. Sisi tunamkamilishia alichokusudia."

Nimekaa miaka mingi kwenye ofisi za watu na nimesikia mengi, lakini hilo lilinipanda kichwani. Mtu kafa, hawezi kujibu, halafu wewe uliyeko ng'ambo, hujawahi kunusa hata upepo wa pale, unajifanya msemaji wake. Na wala si kweli kwamba hakuweza. Katika picha zilezile, shimo la jirani, kuna farasi wanaburuta udongo na wanaume wenye sepetu wanakata ukingo. Aliweza kuhamisha ardhi na aliihamisha alipotaka. Alifika kwenye kile kilima, akakizunguka, akakiacha, akaweka bendera nyuma yake. Huo ndio ubunifu wenyewe. Sisi tulikuwa tunaufuta, halafu kufuta huko tunakuita urejeshaji.

Kilichonichoma zaidi ni jinsi umbali wetu ulivyotufanya watu wa kufaa. Mchoraji wa kule angepita pale Jumapili na wanawe, angekutana na yule mama dukani. Sisi nani atatuuliza?

Siku mbili tatu nilikwenda nyumbani Al Mansoura na hasira hiyo, nikapika nayo, nikalala nayo. Mwenzangu alinishauri nikae kimya.

"Siz, wachana na wao. Visa yako iko kwa mkono ya huyu jamaa. Yule mama hata hakujui."

"Hanijui, lakini karatasi ina saini yangu."

"Saini ni saini. Ijumaa, Jumapili yetu ya huku, nitakuombea kanisani."

"Niombee na kilima."

"Hicho tayari kiko mbinguni," alisema, na ingawa nilikuwa nimekasirika nilicheka.

Nilichora kama nilivyoagizwa. Mkutano ulipofika, mmiliki alikuwa upande mmoja wa kioo, mwenyekiti upande mwingine, bosi akifungua kurasa. Alipofika shimo la tano, upande wa uwanja wa mwanzo, yule mama alisogeza uso karibu na kamera.

"Kilima chetu kiko wapi?"

Bosi alianza kusema mara utafiti wetu, mara dira ya mbunifu, mara mazingira asilia. Mama alimwacha amalize kila sentensi. Kisha akauliza, "Nani amechora karatasi hii?"

"Timu yetu," bosi alisema.

"Timu ina mdomo?"

Nilifungua kipaza sauti changu. Bosi alinitazama, nami nikatazama kioo.

"Nimechora mimi, mama. Kilima kilikuwepo tangu mwanzo, picha zenu zinakionyesha. Hapa ofisini kilifutwa kwa bahati mbaya. Tulitaka kukirudisha tukaambiwa tusikirudishe."

"Kilifutwaje kwa bahati mbaya?" aliuliza mmiliki.

Nilimweleza habari ya malundo na malori. Yule mama alicheka mpaka akavua miwani. Halafu akaacha kucheka.

"Nyinyi mlikiona kifusi, sawa. Hamjawahi kufika. Huyu bosi wenu aliyeambiwa ni kilima, yeye alikiona nini?"

Mmiliki alisema, kwa sauti ya mtu anayeona aibu mbele ya wageni, kwamba yeye aliambiwa bahari ilionekana tangu zamani, ndiyo maana aliipenda.

"Bahari utaiona," mama alimwambia. "Panda juu ya kilima, uone mpaka uchoke."

Mmiliki akasema kirudi. Neno hilo tu.

Ungedhani yameisha. Jioni ileile bosi alikuja mezani kwangu. Katika michoro yetu, kitu kilichopo tayari huchorwa kwa mstari mwembamba wa kijivu, na kile ofisi inachopendekeza huchorwa kwa mstari mnene mwekundu. Alitaka kilima kiwe chekundu. Alitaka pembeni paandikwe kwamba ofisi yetu inapendekeza kukihifadhi, kama mchango wetu kwa urithi wa uwanja. Alitaka tumuuzie yule mama mali yake mwenyewe.

"Kijivu, injinia," nilisema. "Kipo."

"Nyekundu."

"Kipo."

Alimgeukia mwenzangu amwambie achore yeye. Yule Mkenya alikuwa tayari amevaa begi lake mgongoni.

"Bosi, mimi hapa nafuta tu," alisema. "Kuchora ni ya huyu siz."

Bosi hajui kutumia programu yetu. Alisimama pale akisoma kioo ambacho hakukielewa, na mimi nikachora kilima kwa mstari mwembamba, kontua, ile mistari ya mwinuko, moja baada ya nyingine kama mpima alivyoileta, nikaandika chini yake maneno mawili, kilima kilichopo, nikaituma karatasi Ireland akiwa bado amesimama. Wiki iliyofuata nilihamishiwa maegesho ya hoteli. Hakuna mtu wa ofisi yetu aliyemwomba yule mama radhi, mpaka leo.