Maswali ya Barazani

Nikisikia harufu ya dawa ya viatu, namkumbuka mwalimu aliyekuwa akija kwetu Temeke kila Jumamosi asubuhi, viatu vyake viking'aa kwa dawa hiyo. Alikuwa kijana mpole wa bara, aliyejitolea mwenyewe kunifundisha Kiingereza bure. Tulikaa barazani, juu ya mkeka. Alinisomea habari fupi za sokoni au jikoni, polepole, kisha akaniuliza maswali ili ajue kama nimeelewa.

Baadaye akaacha habari za kitabuni, akaanza kuuliza za kwetu. Tulikula nini jana? Nani kapika? Nilijibu kwa furaha. Siku moja akauliza ni akina nani waliokuja kuzungumza na baba chumbani, na walisema nini.

Bibi alikuwa akipepeta mchele kando yetu. Kiingereza hakukijua hata chembe, ila aliona nilivyosita.

"Kakuuliza nini, mjukuu wangu?"

Nikamwambia. Akaweka ungo chini.

"Mwalimu, wageni wa mwanangu unawatakia nini?"

"Ni mazoezi tu, bibi. Mtoto azoee kusikiliza."

"Haya. Basi na mie nikuulize. Ukitoka hapa, unakwenda kumhadithia nani?"

Mwalimu alicheka kidogo, peke yake. Akafunga kitabu, akaaga kwa adabu, na Jumamosi iliyofuata hakuja. Baba hakuuliza sababu. Wageni wake hawakukutana tena kwetu, na mimi nikaacha kujibu upesi ninapoulizwa jambo, kwa lugha yoyote.