Paka wa Bibi na Nyumba Aliyoijenga Baba

Wiki iliyopita binti yangu alinionyesha kwenye simu chumba kilichotengenezwa kwa ajili ya paka. Ukutani kulikuwa na vibao vilivyopangwa kama ngazi, nguzo iliyozungushiwa kamba, kisanduku chenye giza cha kujifichia, na tundu la kupitia chini ya mlango. "Mama, ona wenzetu wasivyokuwa na kazi," akasema na kucheka. Mimi sikucheka. Nilibaki pale barazani kwetu, hapa Mikumi, simu mkononi, nimechanganyikiwa, kwa sababu chumba kile nilikuwa nakijua. Nilikulia ndani yake, huko milimani Kilosa, upande wa Berega, na siku zote nilidhani ni jiko tu.

Lilikuwa jiko la bibi yangu mzaa baba, na lilisimama peke yake nyuma ya nyumba ya udongo. Ukiingia, kitu cha kwanza kukupokea ni moshi, kisha harufu ya maharage yanayotokota, kisha ile harufu tamu ya mahindi makavu kutoka juu. Juu ya mafiga kulikuwa na dari la fito, na mahindi yetu yalilala humo yakipigwa moshi mwaka mzima. Panya waliyafuata mahindi, naye paka akawafuata panya. Paka wetu alikuwa wa kijivu mwenye milia, na Bibi alimwita Shangazi, maana aliingia kila nyumba bila hodi na kukagua vyungu.

Kazi zangu nyingi za asubuhi zilikuwa za paka huyo. Nilibadilisha maji yake, na bakuli la maji lilipaswa kukaa mbali na la chakula. "Hapendi kunywa pale anapokula," Bibi alikuwa akisema, nami nikaona ni ukaidi wa wazee. Nilitifua mchanga na majivu kwenye kona ya nyuma ili apate pa kujisaidia na kufukia. Nguzo ya kati ilizungushiwa kamba nene ya mkonge, ambayo Babu aliileta zamani alipokuwa kibarua wa shamba la mkonge, na Shangazi alinoa kucha zake hapo mpaka kamba ikawa na manyoya kama mtu asiyechana nywele. Gogo lenye vidato liliegemea ukutani kumpandisha darini. Njia za kutoka zilikuwa mbili: tundu chini ya mlango, na pengo kati ya ukuta na paa. Nilipouliza kwa nini mbili, Bibi alisema, "Mnyama mdogo haingii mahali penye njia moja. Anawinda, na yeye anawindwa."

Nilipokuwa na miaka tisa, Baba alimjengea Bibi nyumba mpya. Baba alikuwa mpishi katika hoteli moja huku Mikumi, akilala mahali pazuri na kurudi nyumbani kumkuta mama yake kwenye moshi. Ilimuuma. Akajenga nyumba ya matofali, sakafu ya saruji, silingi bodi nyeupe, wavu wa mbu kila dirisha, makochi ya kitambaa chekundu. Jirani zetu walikuja kuitazama kama wanaotazama bibi harusi. Baba alichukua likizo ili atuhamishe mwenyewe, na Shangazi alibebwa ndani ya tenga, tumbo limemjaa watoto, akilalamika njia nzima, ingawa njia yenyewe ilikuwa hatua hamsini.

Baba alitoa amri: milango na madirisha yafungwe mpaka paka azoee. Mimi nikawa mlinzi.

Hakuzoea. Siku ya kwanza alikaa nyuma ya kabati. Siku ya pili aliyararua makochi. Siku ya tatu akayakojolea. Alikuwa akizunguka chumba kwa chumba akitazama juu, kwenye zile kuta laini zisizo na pa kushika, na kulia kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwake. Bibi naye alikaa kwenye kochi kama mgeni aliyekuja kutoa pole, mikono magotini. Baba akatutazama sote na kusema, "Mtazoea." Mpaka leo sijui alikuwa akimwambia nani.

Siku ya nne Baba alikwenda Magole kutafuta vitasa. Nilichukua kisu, nikaingia stoo, nikakata kona ya wavu wa dirisha. Nilimpenda Baba, niliipenda ile nyumba, na hapo hapo nilikuwa naiharibu, na sikuweza kuelewa yote hayo yanakaaje ndani ya mtu mmoja. Shangazi aliitazama ile nafasi, akanitazama mimi, akaondoka. Nikaurudishia wavu kwa vidole.

Alasiri sauti ya Baba ikavuma. "Nani amekata wavu?"

Sote tulikimbia. Lakini hakuwa stoo. Alikuwa amesimama chumbani kwa Bibi, mbele ya dirisha la Bibi, na wavu wa pale ulikuwa umekatwa kutoka juu mpaka chini.

"Mimi, mwanangu," Bibi akasema.

Nilidhani anataka kuniokoa, nikaangua kilio. "Si Bibi! Ni mimi! Lakini mimi nilikata wa stoo!"

Baba akaenda stoo. Akarudi. Akakaa kwenye kochi, upande ule ulioraruliwa, akatutazama mimi na mama yake kama watu aliokutana nao kituo cha basi.

"Mama, si ungeniambia?"

"Hukuniuliza."

"Nyumba ina nini?"

"Nyumba ni nzuri," Bibi akasema taratibu. "Ila paka hana pa kupanda, hana pa kujificha, hana pa kutokea. Na mimi sioni mahali pa kukaa nikamwona anayekuja."

Baba alipapasa ule upande ulioraruliwa wa kochi. Kesho yake alimwita fundi tena.

"Shikamoo, Bibi," fundi akasema. "Naambiwa nimtobolee paka mlango wake?"

"Marahaba. Toboa. Chini, upande wa bawaba."

Basi Bibi akasimamia ujenzi kwa siku mbili. Vibao vitatu vya kupandia juu ya dirisha la jikoni. Silingi bodi moja iondolewe ili kuwe na pango lenye giza. Dirisha lake lishushwe ili akikaa aone njia. Baba alishika ngazi, akapokea misumari, hakubisha hata mara moja.

Shangazi alikuwa amekwisha kuzaa kwenye dari la zamani. Bibi alitukataza kumfuata. Kila siku aliweka wali na dagaa karibu na lile tundu, akakaa mbali. Wiki ya tatu, asubuhi, Shangazi akapita akiwa amembeba mwanawe kwa ngozi ya shingo, akapanda vibao vyote vitatu na kutoweka gizani. Akaleta wote wanne. Kesho yake akawarudisha wote kule kwa zamani. Kesho kutwa akawaleta tena. Nilimuuliza Bibi maana yake nini, na wavu wake yeye aliukata kwa ajili ya nani hasa. Akaniambia nikate vitunguu.

Bibi hayupo sasa. Jiko lile liliangukia ndani msimu mmoja wa mvua. Mahindi siku hizi yanatiwa dawa na kufungwa kwenye mifuko, panya wanauawa kwa sumu ya dukani, na paka wanakula wale panya. Mara ya mwisho nilikaa kule siku tatu, sikumwona paka hata mmoja. Niliondoka nikilia, nikidhani nimewakumbuka paka. Nilipofika njia panda ya Dumila nikagundua silii paka, wala sikujua ninalia nini. Labda ule utulivu wa Bibi, wa kumtazama kiumbe siku nyingi mpaka ajue anachotaka, ndipo achukue panga na kuchonga kidato.

Mimi nyumba yangu nimeijenga kwa ramani. Baba anaishi nasi. Nimempa chumba chenye feni na bafu la ndani. Kila asubuhi hubeba kiti chake na kwenda kukaa nyuma ya tangi la maji. Juzi nilimfuata. Nikamwamkia, nikamuuliza kule ndani kumekosekana nini.

"Hata mimi sijui, mama," akasema, akakisogeza kiti chake kunipa nafasi ukutani. "Kaa kwanza."

Nikakaa.