Mlango wa Melkior

Watu wanaonunua perege sokoni Babati hudhani kila samaki wa ziwa letu ametoka kwenye mtumbwi. Sisi tunaovua kwa ndoano tukiwa tumekaa nchi kavu hawatujui, wala hatuwadai watujue. Melkior alikuwa hodari kuliko sisi sote. Namweleza hapa kwa sababu nilimkosea, na kosa lenyewe sijamwambia mtu mwingine hadi leo.

Ukingo wa upande wetu, ukishuka kutoka Maisaka, ni matete na magugu maji matupu. Maji ni ya vuguvugu, hayana kina, na jua la Oktoba likiyapiga, magugu yanasongamana mpaka ndoano haipiti. Samaki nao wanapenda kujificha humo humo. Kwa hiyo kila mvuvi anafyeka nafasi yake, upana wa kitanda hivi, kwa panga alilolifunga kwenye mti mrefu. Nafasi hiyo tunaiita mlango. Usipoufyeka kwa wiki mbili tatu, unafunga wenyewe.

Mlango una sheria zake, ingawa hakuna aliyeziandika. Ukivua katika mlango wa mwenzako, samaki wa kwanza ni wa mwenye mlango. Na huufyeki mlango wa mtu mpaka akuambie kwa mdomo wake mwenyewe, kwa sababu kuufyeka ni sawa na kujitangaza kuwa umeurithi. Mwaka juzi Paskali wa Bagara aliufyeka mlango wa jirani yake aliyekuwa amelazwa, kwa nia njema kabisa. Jirani akafariki. Tangu siku ile Paskali anaitwa Mrithi, na mkewe akipita gengeni anaitwa Mama Mrithi. Sisi wavuvi tuna subira ya kumngoja samaki tangu asubuhi hadi adhuhuri, lakini ulimi hatuna subira nao hata kidogo.

Melkior alizaliwa nyanda za Hanang, kwa wafugaji. Kwao samaki hakuwa chakula, alikuwa kiumbe cha kutazama na kutema mate. Ukame ulipomaliza ng'ombe wa baba yake, alikuja mjini kijana, akachoma matofali Mutuka miaka ishirini mpaka mgongo ukamkatalia, ndipo akashuka ziwani. Mama yake alipokuja kumtembelea alibeba kikombe chake kutoka nyumbani, asije akanywea chombo kilichogusa samaki. Melkior alikuwa anatusimulia hayo huku akicheka mpaka machozi yanamtoka. Alisema utoto wake wote yeye ndiye aliyemfuata ng'ombe porini, sasa amepata mnyama anayekuja mwenyewe.

Boya lake alilikata kwenye kandambili. Mkewe, Conjesta, alilalamika kwamba tangu aolewe hajawahi kuwa na jozi nzima ya kandambili, kila mara moja inakosa kisigino. Mlango wake ulikuwa na kina kuliko milango yetu yote, kwa sababu zamani viboko walipitia pale wakachimba. Alifunga fundo kwenye mshipi mahali pa kuwekea boya, na fundo hilo halikusogea miaka yote niliyomfahamu. Mlango wangu ulikuwa hatua thelathini kutoka kwake. Tulivua hivyo miaka kumi na mmoja, kila mtu kwenye jiwe lake, tukipigiana kelele juu ya matete kama wanawake wa uani.

Mwezi wa nane figo zilimwangusha. Binti yake, Anjela, alimpeleka hospitali kubwa, mbali, akalazwa miezi miwili na nusu. Kila Jumapili baada ya misa nilimpigia simu. Swali lake lilikuwa moja.

"Baba Lea, mlango wangu vipi?"

Nami nikamjibu, "Uko wazi, Baba Anjela. Unakungoja wewe tu."

Jumapili ya kwanza ilikuwa kweli. Ya tatu haikuwa kweli tena. Ya nane sikuwa hata na ujasiri wa kugeuza shingo kutazama upande ule, kwa sababu matete yalikuwa yameshaupita urefu wangu. Kuufyeka niliogopa. Niliogopa kuitwa Mrithi wa pili, mwanaume mzima mwenye wajukuu nikaogopa jina la utani. Kumwomba ruhusa niliogopa zaidi. Utamwambiaje mgonjwa, niruhusu niufyeke mlango wako? Atasikia unamuuliza atakufa lini. Kwa hiyo nikachagua uongo, na uongo ulikuwa rahisi, maana kila nilipoutoa nilisikia sauti yake ikipata nguvu. Anjela aliniambia siku hizo ndizo alizokuwa anakula.

Kisha Anjela akapiga simu Jumatano moja. Baba ameruhusiwa, Jumamosi anataka kushuka ziwani kabla ya jambo lingine lolote.

Nilikimbia na panga siku hiyo hiyo. Aibu ilikuwa imeshinda hofu, na wenye kunicheka wacheke. Lakini mizizi ya matete ya miezi miwili si mchezo. Nilifyeka Alhamisi, nikafyeka Ijumaa mpaka viganja vikachubuka, na nilichofungua hakikutosha hata kuingiza sinia. Njia ya mwongo ni fupi, na yangu ilikuwa imefika mwisho. Bado nikatafuta kichochoro. Nilikumbuka Anjela alisema macho ya baba yake yamepungua sana. Jumamosi alfajiri nikang'oa jiwe la Melkior pale alipokuwa anakaa, nikalibeba begani hadi mlangoni kwangu, nikaliweka na kulipangusa tope.

Alifika kwa bajaji. Nilimwona akishuka nikataka kulia, maana yule mchoma matofali alikuwa amebaki mifupa na shati. Anjela alimshika upande mmoja, mimi mwingine. Tulipofika akalipapasa jiwe kwa kiganja, akalijua, akatabasamu. Anjela akarudi kumsubiri kwenye bajaji, juani.

Melkior akaweka mnyoo kwenye ndoano bila kutazama, akarusha. Boya la kandambili likalala ubavu.

Mvuvi yeyote anajua maana yake. Boya likilala, mshipi ni mrefu kuliko kina, timazi, ule uzito wa kuzamisha ndoano, imekaa chini kwenye tope. Fundo lake lilikuwa limepimwa kwa mlango wenye kina, na huu wangu ulikuwa kina cha goti. Niliona anaelewa. Akauvuta mshipi, akalisogeza boya chini ya fundo, akarusha tena. Boya likasimama. Mimi nilikuwa natamani ardhi inimeze.

Haikupita muda boya likazama. Alimtoa perege mzuri, mnene wa kifua, nami nikaanza kumsifu kwa sauti kubwa ya kijinga. Alimchomoa ndoano taratibu, akanyoosha mkono, akamweka kwenye ndoo yangu.

"Wa kwanza ni wa mwenye mlango," alisema.

Akaniuliza wa kwake ulifunga lini. Nikamwambia, mwezi wa tisa. Nikamweleza vyote, Paskali, hofu, simu, nikilia kama mtoto mbele ya mtu ambaye ndiye aliyestahili kulia. Alinisikiliza huku akiutazama mshipi.

"Ungeniomba tu, Baba Lea," alisema. "Ningekuambia fyeka. Kila Jumapili nilikuwa nangoja uniombe. Sikutaka kukutwika kazi ambayo hukuitaka."

Hatukusema tena habari hiyo. Alivua nusu saa nyingine bila kupata kitu, akaomba aitiwe Anjela. Aliondoka mikono mitupu, maana perege wake alikuwa kwenye ndoo yangu na sikujua ningemrudishiaje bila kumtukana.

Alifariki siku ya kumi na moja. Waliomtibu walisema figo, nami sibishani nao. Tulimzika Maisaka, mvua ikinyesha, na mimi nilishika jembe kwa viganja ambavyo vidonda vyake vilikuwa havijapona.

Baada ya msiba nilirudi kuufyeka mlango wake. Ilinichukua wiki tatu. Watu walipita wakaniita Mrithi, kama nilivyoogopa, na ajabu ni kwamba haikuuma hata kidogo. Nililirudisha jiwe lake mahali pake, nikaufunga mshipi wangu fundo kwa kina kile. Samaki wa kwanza nilimfunga kwenye jani, nikampelekea Conjesta.

Nilimkuta anapepeta maharage uani. Alimpokea samaki kwa mikono miwili, akauliza ametoka wapi.

"Mlangoni kwa Baba Anjela, shemeji. Wa kwanza ni wake."

Nilikuwa nimejiandaa. Nilifikiri anajua, na nilitaka anitukane nipumue. Badala yake akasema kumbe ni kweli aliyoyasema marehemu aliporudi kutoka ziwani siku ile. Alimwambia hakupata samaki, lakini moyo wake umetulia, ameukuta mlango wake uko wazi, Baba Lea ameutunza kama wa kwake. Aliyarudia hayo kwa kila aliyekuja kumwona, mpaka siku ya mwisho.

"Aliniagiza nikushukuru," Conjesta akasema, "nikapitiwa kwa shughuli za msiba. Unisamehe. Asante sana, shemeji."

Alikuwa amesimama ameshika samaki, miguuni ana kandambili, moja haina kisigino. Nikamjibu, karibu, shemeji. Kisha nikaomba maji ya kunawa, nikaondoka.