Mpiga picha wa Mwabungo aliyekuta mijusi ndani ya mkoba wake

Saa kumi na mbili unusu asubuhi, Twaiba Chirau ameketi juu ya ndoo iliyopinduliwa kando ya barabara ya Diani, kamera mapajani, macho juu. Kati ya miti miwili mikubwa imefungwa ngazi ya kamba, ili mbega wavuke barabara bila kugongwa na magari. Mbega wa kwanza anatokea, anaijaribu kamba kwa mkono mmoja, kisha anavuka. Twaiba anapiga picha tatu.

"Huyu ni yule jike aliyekatika ncha ya sikio," anasema kwa sauti ya chini huku akiandika katika daftari lake. "Jana hakuja. Nilikuwa na wasiwasi naye."

Gari jeupe la kukodi linapunguza mwendo. Mwanamume mwenye kofia pana anatoa kichwa dirishani, anasalimu vizuri, kisha anauliza mbega hawa hulala wapi.

"Msituni," Twaiba anamjibu.

"Msitu upi?"

"Huu huu."

Gari linapoondoka, Twaiba anaandika namba yake chini ya orodha ya mbega. Tunamwambia huenda yule ni mtalii tu aliyekuja kupumzika na mkewe.

"Huenda," anakubali. "Lakini mtu anayetaka kumwona mnyama huuliza anaonekana wapi. Anayeuliza analala wapi, mimi humtazama mara mbili."

Hakuwa hivi zamani. Twaiba, mwenye umri wa miaka thelathini na tisa, alianza na chumba kimoja cha kupigia picha karibu na soko la Ukunda. Alipiga picha za vitambulisho, za arusi na za watoto wanaomaliza chuo cha Kurani. Kisha kila mtu akawa na simu yenye kamera, na wateja wakapungua hadi ikabidi afunge chumba.

Alirudi kwa mama yake Mwabungo akiwa na mabinti zake wawili na kamera moja. Kikundi cha watu wanaohesabu mbega kilimwomba picha za kumtambua kila mnyama kwa uso wake. Kazi hiyo, pamoja na picha za wageni wa hoteli, humpa kama shilingi elfu ishirini na nane kwa mwezi, na msimu ukiwa mbaya hupungua.

Ndiyo maana mwaka juzi, mgeni mmoja alipoziona picha zake kwenye ukuta wa mkahawa na kumtafuta, alimsikiliza. Mgeni huyo, ambaye hatumtaji jina kwa kuwa hatukufanikiwa kumpata ajibu yanayosemwa hapa, alisema anaandaa kitabu cha wanyama. Alitaka mpiga picha wa kufuatana naye siku tisa katika kisiwa kidogo cha volkano upande wa Komoro. Malipo yalikuwa shilingi laki moja na themanini elfu, na nusu yake angepewa kabla ya safari.

Mama yake Twaiba, Bi Zainabu, hakufurahi.

"Nilimwuliza neno moja tu," anasema mama huyo wa miaka sabini na mmoja, akipepeta mchele barazani. "Huyu mzungu, kwao hakuna wapiga picha?"

Twaiba alimjibu kwamba yeye anajua Kiswahili na wenyeji wa huko wataelewana naye. Alikwenda.

Mtu wa tatu katika safari alikuwa mpishi, Gedion Wafula, mzaliwa wa Bungoma aliyeishi Ukunda miaka kumi na mmoja. Twaiba hakuwahi kumwona kabla ya siku walipokutana uwanja wa ndege wa Mombasa. Alikuwa amebeba kisanduku cha buluu cha kuwekea barafu, na hakukubali mtu amsaidie kukibeba.

Baada ya ndege waliabiri boti ya injini, na boti ikawafikisha pwani ya mawe meusi yenye matundu, mfano wa mikate ya mofa iliyoungua. Nyuma ya mawe msitu ulipanda moja kwa moja hadi mawinguni, juu ya mlima uliowahi kutema moto.

Aliyewapokea ni Bi Moinaecha, mwanamke wa makamo anayeongoza kikundi cha kina mama wanaolinda kasa na njia za msituni. Twaiba alimwamkia kwa "kwezi", ambayo ndiyo shikamoo ya huko. Bi Moinaecha aliitikia, akawapa maji, kisha akawaomba wapange mizigo yote mstarini. Akaihesabu.

"Sikupenda," Twaiba anakumbuka. "Nilijiona natazamwa kama mwizi, na sijaiba kitu."

Siku tatu za kwanza zilikuwa njema. Mchana aliwapiga picha popo weusi wenye mabawa yanayopita mita moja, wakizunguka juu ya bonde jua likiwaka. Alfajiri aliwangoja kasa wakirudi baharini baada ya kutaga. Alimpiga picha komba mwenye macho ya rangi ya asali, akila ua huku amening'inia kwa miguu.

Lakini kila jioni alipompelekea mteja picha hizo, mteja hakuzitazama. Alizinakili kwenye kompyuta yake na kumwambia asante.

"Nimepiga picha miaka kumi na minne," Twaiba anasema. "Hata bibi arusi aliyelia siku nzima hutaka kuziona picha zake. Huyu hakutaka kumwona kasa."

Alichotaka ni miti. Aliagiza apige picha ya kila mti wenye mijusi wadogo wa kijani wenye madoa mekundu mgongoni, na asizime alama ya mahali katika kamera, inayoandika kila picha imepigwa wapi. Twaiba alipouliza sababu, aliambiwa ni utaratibu wa kitabu.

Siku ya nne mteja alimwita pembeni. Alimwambia hamwamini Gedion, kwamba kisanduku chake kina jambo, na kwamba amchunge bila kumwonyesha.

Twaiba alimchunga. Aliona kila asubuhi na kila jioni, kabla ya chakula, Gedion akichukua kisanduku, akienda nyuma ya jiko na kurudi baada ya dakika chache akijifunga mkanda. Akimwona mtu anakuja, alikifunga haraka.

"Nilianza kula mkate wangu mwenyewe," anasema. "Chai yake pia niliacha. Nilikuwa nimeshaamua kwamba yule si mtu mwema."

Siku ya saba alimfuata. Nyuma ya jiko alimkuta Gedion ameinua shati, anajidunga sindano tumboni. Kisanduku kilikuwa wazi, na ndani mlikuwa na barafu na vichupa vinne vya dawa ya kisukari.

Gedion, ambaye sasa anapika katika hoteli moja huko Galu, anaikumbuka asubuhi hiyo vizuri.

"Nilimwambia, dadangu, ni sukari tu," anasema. "Nilikuwa nimeficha kwa sababu boss alisema anataka watu wako fiti. Akijua, hiyo kazi ingeenda. Halafu nikamwambia, sasa na wewe? Si boss ameniambia nikuchunge? Amesema hiyo bag yako iko na kitu."

Twaiba alimwuliza aliambiwa lini. Siku ya nne, Gedion akajibu.

Hapo Twaiba akaenda mbio chumbani.

Mkoba wake wa kamera una mfuko wa chini wa lenzi ndefu. Lenzi hiyo ilikuwa imeingia maji ya chumvi siku ya boti, akaianika dirishani na hakuugusa tena ule mfuko. Alipoufungua alikuta soksi kumi na moja za mtoto mchanga, kila moja imefungwa fundo. Alifungua ya kwanza. Mjusi wa kijani alimtazama, akapanda kiganjani mwake. Katika soksi ya tano mjusi alikuwa amekufa.

"Nilielewa papo hapo," anasema. "Mimi ndiye ningepita nao forodhani. Mwanamke mwenye buibui, anayeamkia wazee, nani angemshuku? Na angeshukiwa, ni mkoba wangu, mteja hahusiki."

Gedion alimshauri wawaachilie mijusi, wafunge midomo na warudi nyumbani kwao salama. Hakuna aliyeona.

"Nilitamani kukubali. Lakini nikamwambia, Gedion, tukiwaachilia leo, kesho atawakamata wengine. Anajua miti yote. Ramani nimemchorea mimi."

Aliubeba mkoba, soksi zikiwa ndani, akampelekea Bi Moinaecha jikoni kwake na kumweleza yote. Hakupata aliyoyatarajia.

"Mwizi akijua ameonwa, huja mwenyewe na mali mkononi," Bi Moinaecha alimwambia.

Aliufungia mkoba chumbani mwake, akatuma mtu kuwaita askari. Twaiba na Gedion waliambiwa wasitoke uani. Mteja alipoulizwa alikuwa mtulivu. Alisema mkoba si wake, na mwenye mkoba yupo pale, aulizwe.

Siku mbili zilipita hivyo. Watoto waliletwa kuwachungulia mlangoni. Wanawake waliokuwa wakicheka na Twaiba kisimani walimpita bila salamu.

Alasiri ya siku ya pili, Bi Moinaecha alikuja na kamera mkononi. Alitaka kuona picha zote, moja baada ya nyingine, kuanzia ya kwanza. Zilikuwa zaidi ya elfu mbili. Waliketi mkekani, Twaiba akibonyeza, Bi Moinaecha akitazama.

Walifika kwenye picha ya popo aliyeruka chini sana juu ya kambi, mabawa wazi. Twaiba alikuwa ameihesabu kuwa picha iliyoharibika, kwa kuwa popo amekatwa bawa moja. Alitaka kuipita.

"Rudi," Bi Moinaecha alisema.

Mwandishi wa makala haya ameiona picha hiyo. Chini ya popo, upande wa kushoto, ni baraza ya nyumba waliyolala. Mwanamume amechutama hapo. Sura yake haiko wazi, lakini kofia yake ni ile aliyoivaa mteja kila siku, mkoba wa Twaiba uko wazi mbele yake, na mkononi ameshika soksi ndogo nyeupe. Saa iliyoandikwa na kamera ni saa kumi na dakika saba alasiri, siku ya sita.

Askari waliondoka na mteja kwa boti kesho yake. Kwa simu, Bi Moinaecha alituambia kwamba mteja alitozwa faini na kuruhusiwa kuondoka nchini. Mijusi kumi walirudishwa kwenye miti yao.

Mtu angedhani mambo yaliishia hapo. Lakini nakala za picha za miti zilikuwa katika kompyuta ya mteja, na hakuna aliyezifuta. Miezi minane baadaye Bi Moinaecha alimpigia Twaiba kumwambia kwamba miti mitatu ya karibu na mto imechubuliwa magome, na mijusi waliokuwa wakijificha humo hawaonekani tena. Nani aliyefanya hivyo, hakuna ajuaye.

"Usiku ule sikula," Twaiba anasema. "Hata kama si yeye, mimi niliipiga picha miti hiyo."

Nyumbani nako habari zilikuwa zimefika kabla yake, zikiwa zimegeuzwa. Mwabungo ilivuma kwamba Twaiba amekamatwa ng'ambo na mijusi, na mtu anayefuga mijusi ndani ya soksi anajulikana ni wa kazi gani. Waliozoea kumwita arusini wakamwita mwingine. Jirani mmoja alimkataza mwanawe asipigwe picha naye.

"Nilikwenda kwake," Bi Zainabu anasema. "Nikamwambia, mwanangu hana uchawi, ana ujinga wa kuamini watu, na huo umekwisha."

Ilichukua karibu mwaka mzima kwa wateja kurudi, na si wote waliorudi. Gedion ndiye aliyemtafutia kazi ya kwanza, ya kupiga picha za vyakula vya hoteli. Siku hizi Twaiba akienda mjini humletea dawa ya sukari, na hutaniana kuhusu ile chai aliyoacha kunywa.

Sasa Twaiba anaweka akiba ya nauli. Mwezi wa nane, Mungu akijaalia, anataka kurudi kisiwani, safari hii bila mteja. Bi Moinaecha na wenzake wanahesabu upya mijusi na popo, na wanahitaji mtu wa kuwapigia picha na kuwafundisha mabinti wawili wa kijiji kutumia kamera. Alama ya mahali itazimwa. Kadi zote za picha zitabaki kijijini.

Aliyependekeza safari hiyo ni Twaiba mwenyewe. Bi Moinaecha alikaa wiki tatu bila kujibu, kisha akatuma ujumbe wa sauti, ambao Twaiba anatusikilizisha kutoka kwenye simu yake. Sauti ni ya pole pole. Anamkaribisha kwa mikono miwili, chumba kipo, chakula kipo. Na mizigo, anaongeza, itahesabiwa akiingia na itafunguliwa akitoka, mbele ya watu.

Twaiba anairudisha simu mkobani.

"Bado ananishuku kidogo," anasema. "Na ningekuwa yeye, ningenishuku pia. Nimemwambia ninakuja."