Dau la Muuza Vitanda

Shangazi yangu ni mkalimani wa mahakama huku ughaibuni, na nyumbani tunamwita Kamusi. Ukimwambia umekula kidogo, atakuuliza kidogo kiasi gani. Anachosha! Lakini siku ya kesi ya muuza vitanda nilikuwa benchi la nyuma, nimempelekea miwani aliyoisahau, na siku hiyo nilimvulia kofia.

Muuza vitanda alishtakiwa kwa kuchezesha kamari dukani kwake. Ushahidi ulikuwa simu moja iliyorekodiwa, na hakimu hajui Kiswahili. Tafsiri aliyokuwa nayo mkononi ilisema mtu huyu alimtaka mwenzake aongeze fedha za kamari. Hapo kifungo ni miaka mitatu.

Sauti ikachezwa: "Dau lako dogo. Pandisha, la sivyo kitanda namwachia mwenzako."

Nikamwona Shangazi ameshika ukingo wa meza. Tafsiri ile ilikuwa na saini yake. Aliiandika mbiombio kutoka kwenye karatasi aliyoletewa, yenye maneno manne tu ya mwanzo. Kitanda hakikuwemo.

Mkuu wake wa kazi, aliyeketi kando yake, akamnong'oneza, kama Shangazi alivyonisimulia baadaye, "Mama, thibitisha tu tumalize. Ukibisha, unaichezea kamari kazi yako."

"Hapo neno umelitumia sawasawa," akajibu, akasimama.

Alimweleza hakimu bila kupepesa macho. Neno kamari tulilipata kwa Waarabu, karata na dadu kwa Wareno. Dau, alisema, hajui lilikotoka, na hatabuni. Anachojua ni kwamba wacheza kamari wanalo na wanunuzi wanalo: kwa wale ni fedha unayoweka, kwa hawa ni bei unayotoa.

"Huyu alikuwa anauza kitanda," alisema. "Aliyekosea ni mimi."

Hakimu aliifuta kesi. Kisha akaagiza mkalimani asimamishwe kazi kuanzia kesho yake.

Muuza vitanda alikuwa akiangaza huku na huku, hajaambulia hata neno la lugha ya mahakama. Na leo bado ilikuwa leo, kazi bado ilikuwa ya Shangazi. Akamgeukia, akamwambia kesi imefutwa, yuko huru, maana tafsiri ilikosewa.

"Ilikosewa?" Muuza vitanda alimtolea macho. "Miezi miwili nalala sakafuni mahabusu, mimi muuza vitanda! Nani huyo aliyekosea?"

Shangazi angeweza kusema ni ofisi. Alivua miwani.

"Ni mimi, kaka."