Kiunganishi cha Mzee Apolinary

Mimi nakaa masjala, hospitali moja hapa Musoma, na nasema wazi: Jumanne ile nilitaka kumzaba Dafroza kibao.

Dafroza ndiye fundi wetu wa kompyuta. Anakaa Nyakato, mpole mpaka anakera. Kazi aliipokea kwa Mzee Apolinary alipostaafu na kurudi kwake Bugwema, na mzee huyo ni baba mkwe wake. Kwao mkamwana hasemi na baba mkwe. Miaka minane neno lolote linapitiaga kwa mama mkwe, Marieta.

Sasa, mafaili yote ya wagonjwa yako kwenye kompyuta. Mbele kuna seva ya wavuti inayopokea maombi, nyuma kuna programu yenye kumbukumbu, katikati kipande kidogo cha kuziunganisha, wanakiita kiunganishi. Uongozi ukaagiza seva ibadilishwe, ya zamani si salama tena. Dafroza akatuma swali Bugwema: achague kiunganishi kipi? Mama Marieta akarudi na jibu fupi, kwamba baba amesema seva na kiunganishi viendane. Basi akachukua kiunganishi chenye namba ileile ya toleo la seva mpya, akaridhika.

Jumanne asubuhi akabadilisha. Seva ikagoma kuwaka, na ile ya zamani alishaifuta bila kubakiza nakala.

Saa nne wakamleta Mwalimu Tabitha kutoka Bukima, homa inamchemsha, hana fahamu. Dada yake akasema mwaka jana kuna sindano ilitaka kumuua hapahapa, jina halijui. Jina liko kwenye faili. Daktari Clementi akasema anasubiri nusu saa, baada ya hapo atachoma alichonacho.

Nikakimbilia chumba cha seva. Dafroza ameshika simu. Simu ya mumewe, Evance, haipatikani. Akampigia Mama Marieta, kumbe yuko shambani, simu kaiacha nyumbani. Akapokea mzee. Dafroza akaikata.

Jamani! Mtu anakufa, wewe unaona haya? Nikainyakua simu nikampigia mzee mwenyewe. Akaniuliza seva ni ya biti ngapi, nikamwambia biti mimi sizijui. Hapo Dafroza akaichukua mkononi mwangu.

"Shikamoo baba. Ni mimi."

Nikasogeza sikio. Nikajua amekata.

"Marahaba. Seva ni ya biti ngapi?"

"Sitini na nne."

"Na kiunganishi?"

Akatazama kioo cha kompyuta. "Thelathini na mbili, baba."

"Ndiyo hapo. Namba ya toleo peke yake haitoshi, na biti lazima zilingane. Tafuta cha toleo hilohilo, cha sitini na nne."

Intaneti yetu mnaijua. Ilivuta, ikasimama, ikavuta, na mimi naangalia saa ya ukutani. Zilibaki dakika nne seva ilipowaka. Nikasoma faili nikiwa nakimbia: asipewe penisilini. Ndiyo ilikuwa tayari kwenye bomba la sindano la daktari.

Jumapili nilimsindikiza Dafroza Bugwema kuomba radhi kwa kusema na baba mkwe. Alisimama karibu na jiko, kichwa chini, hajala tangu asubuhi. Mzee akatokea upande wa zizi. Kwa desturi angegeuza njia. Akasimama, macho kayapeleka pembeni.

"Yule mwalimu, amepona?"

"Amepona, baba."

"Basi mwambie mama yako akupe chakula."

Akaenda zake. Dafroza akakaa chini palepale, akalia, na mimi mwenye mdomo wote huu nikaenda kumwita Mama Marieta.