Bapa Nililolipoza kwa Maji

Usiku ule wa kuamkia Jumapili nililala na majina manne mdomoni. Mimi Mwanahawa. Mdogo wangu Hoza, ninayefanya naye kazi gereji. Bwana Mchau, mgeni kutoka Arusha. Na Mwalimu Zaina, binti wa marehemu Fundi Mahimbo aliyenifundisha kazi. Hao ndio waliokuwapo Jumamosi mchana nilipoisoma springi ya ile vani kuukuu, hapakuwa na mwingine. Niliyarudia majina yao gizani kama mtu anayemtafuta wa tano, aliyeona nilichokifanya. Sikumpata, na badala ya kupata nafuu nikazidi kuwa mzito. Ndipo usingizi ukanichukua.

Lakini lazima nianze na springi, maana bila hiyo ndoto yangu haitaeleweka.

Bwana Mchau ni mtu wa magari ya zamani. Anayafuatilia kama wengine wanavyofuatilia ukoo wao. Anachotaka kujua ni jinsi mafundi wa wakati ule walivyozipandisha vani zilizoletwa huku Lushoto. Zilikuwa zimetengenezwa kwa barabara za tambarare, na zikibebeshwa kabichi kwenye njia zetu za mlimani zilikuwa zinaburuza tumbo kwenye mawe. Mafundi wa kwanza waliweka kabari za mti mgumu kati ya springi na ekseli. Masika yakaja, kabari zikapasuka. Baada yao ndipo Fundi Mahimbo akaanza kufungua springi za malori yaliyokufa, kuyapasha moto mabapa yake ya chuma, kuyakunja upya na kuyapanga chini ya yale ya vani, matatu kila upande. Gari likapanda vidole vinne. Mafundi wengine walikuja kuchungulia, wakacheka, kisha wakaenda kufanya vilevile. Bwana Mchau anayaandika hayo kwenye daftari, gari kwa gari, fundi kwa fundi, na anasema atayatolea kitabu.

Kumjua fundi wa springi ya zamani hakuhitaji kubahatisha. Sisi wa kazi hii hatufungui bolti ya katikati kabla ya kusoma. Unalala chini ya gari, unafuta matope, unasoma mabapa kwa sauti kutoka chini kwenda juu, na aliye nje anasikiliza. Kila fundi alikuwa na alama aliyoipiga kwa tindo chuma kikiwa bado chekundu. Alama ya Mahimbo ilikuwa mikato mitatu mifupi iliyolala upande wa kulia, kwa kuwa nyundo aliishika kwa mkono wa kushoto.

Jumamosi niliyelala chini ni mimi. Bwana Mchau alichuchumaa na daftari lake, Hoza akamulika tochi, Mwalimu Zaina akasimama kando ameishika pochi kwa mikono miwili. Alikuwa ameitwa makusudi aje asikie kazi ya baba yake. La kwanza lilikuwa la Mahimbo, la pili la Mahimbo, na sauti yangu ilikuwa nzuri. La tatu lilikuwa na ufa mwembamba kama unywele. Nikalifuta vizuri. Lilikuwa na mikato mitatu pia, ila hii ilikuwa imelala kushoto.

Nilijua ni ya nani. Nikasema, "La tatu, Mahimbo. Hili ni bovu, lina ufa."

Nikasikia kalamu ikiandika. Nikaiona miguu ya Mwalimu Zaina ikirudi nyuma hatua moja.

Katika ndoto nilikuwa palepale gereji, mchana, jua limewaka kila mahali na hakuna kitu chenye kivuli. Mvukuto ulikuwa unapumua wenyewe. Fundi Mahimbo akaingia amevaa kanzu, pindo limeloa tope, na kwa tope lile nikajua ni siku gani.

Ni siku aliyokwenda mazishini, kijiji cha Soni. Aliniachia neno moja tu, nisiguse moto mpaka arudi na oili, kwa sababu pipa letu la kupozea chuma lilikuwa limebaki mashapo tu. Nilikuwa na miaka kumi na tisa. Shule niliiacha darasa la sita baada ya wazazi wetu kufariki, nikaja gerejini kuuza chai, na yule mzee akaniweka kwenye nyundo wakati wengine wakiuliza tangu lini mwanamke akakunja chuma. Siku hiyo Mzee Kihiyo, mwenye vani ile ile, alifika na haraka zake. Plamsi zake zilikuwa zinaiva kwenye matenga. Akanitazama juu mpaka chini, akauliza kama gereji imeachiwa fundi au imeachiwa birika la chai.

Nilitaka aone. Nikayapasha moto mabapa mawili, nikayakunja vizuri kuliko nilivyowahi kufanya, nikayatumbukiza kwenye ndoo ya maji. Chuma cha springi ukikipoza kwa maji kinakaza haraka na kinapendeza macho, lakini ndani kinakuwa chepesi kuvunjika kama kigae. Nililijua hilo, ndilo jambo la kwanza nililofundishwa. Kisha nikachukua tindo la Fundi nikapiga mikato yake mitatu, ila kwa mkono wangu wa kulia ikalala kushoto, maana springi isiyo na alama Mzee Kihiyo asingeipokea. Bapa moja likaenda upande wa kulia wa gari, pacha wake kushoto, ndilo lile nililolisoma Jumamosi.

Katika ndoto Fundi anapita mbele yangu. Hata hanisalimu. Anapinda pindo la kanzu, analala chini ya vani, ananyoosha mkono kutaka tochi. Nampa. Vidole vyake vina joto, na mimi ninashangaa, kwa sababu nilikuwapo walipomfukia. Anaanza kusoma kutoka chini kwenda juu. Siyasikii majina ya mafundi. Anasoma, Hoza. Anasoma, Nuru. Anasoma, Shabani. Ni wadogo zangu watatu, kwa mpangilio wa kuzaliwa, na kila anapotaja jina anakigonga chuma kidogo kwa ukucha.

Mabapa yanarefuka. Yanatoka chini ya gari, yanapita mlangoni, yanashuka mlima kuelekea Mombo, na sisi tunatembea juu yake. Yanabonyea kidogo kwa kila hatua. Fundi yuko mbele, kanzu yake sasa ni kavu.

Tunafika kwenye kona. Hapo ndipo bapa la kulia lilipokatika, wiki ya tatu tangu nilifunge. Vani ililala ubavu, plamsi zikashuka bondeni, na mguu wa Mzee Kihiyo haukukunjika tena mpaka alipokufa. Sasa ameketi juu ya ukingo wa barabara, mguu ameunyoosha mbele kama fimbo, anakula tunda.

"Fundi Hawa," ananiambia, na juisi inamtiririka kidevuni, "mimi nilisema upandishe gari, sikusema nipae mwenyewe."

Watu waliojaa barabarani wanacheka. Ninajikuta nami nacheka, halafu naona Fundi Mahimbo hacheki. Ameinama. Anaokota vipande viwili vya bapa, kama alivyoviokota siku yenyewe. Siku yenyewe alivitazama palipokatika, penye chembe nyeupe kama sukari, akajua chuma kimepozwa kwa maji. Akakigeuza kipande chenye alama, akaona ilivyolala. Kisha akainua macho akanitafuta katikati ya watu mpaka akanipata. Watu walikuwa wanapiga kelele wakiuliza springi ile ni ya nani, na yule aliyeniokota kwenye birika la chai aliwajibu maneno mawili.

"Alama yangu."

Hakuniambia chochote siku ile wala baadaye. Wateja walianza kuhamisha magari yao, mmoja mmoja, wengine bila kuaga. Wakasema mzee macho yamekwisha. Mwaka haukuisha, akaniachia gereji na fuawe na mvukuto, yeye akawa anakaa gulioni na jiwe la mzunguko, ananoa mapanga. Na mimi nikabaki, nikawa fundi. Watu wakarudi polepole, wakasema huyu binti ana mkono mzuri, hafanani na aliyemfundisha. Nilisikia wakisema hivyo na nikaendelea kufunga nati.

Tuko gulioni sasa. Sijui tumefikaje. Anazungusha jiwe kwa mguu na cheche zinanirukia mikononi, ni baridi kama matone ya mvua. Nimeshika lile tindo. Namnyooshea alichukue.

"Kaa nalo," anasema bila kuinua macho. "Limeshazoea mkono wako."

Basi nikaanza kumweleza. Nilimweleza yale ninayojieleza siku zote: kwamba nilikuwa na watoto watatu wa kulisha, kwamba kama ningefukuzwa kazi wangegawanywa kwa mashangazi kama vyombo vya marehemu, kwamba nilinyamaza kwa ajili yao. Nilisema vizuri, bila kukwama, maana maneno hayo nimeyakariri miaka zaidi ya ishirini. Nikageuka nimwonyeshe. Kweli walikuwapo nyuma yangu, wameketi mkekani, wadogo, kila mmoja na sahani yake ya bati.

Jiwe likasimama.

Wakainuka. Hoza ana ndevu. Nuru ana mwanawe mgongoni. Shabani amevaa sare yake ya ulinzi. Wananipa mikono kama wageni wanaoaga baada ya kula, wanaondoka kila mtu na njia yake, na mkekani zinabaki sahani tatu.

Fundi Mahimbo akanitazama kwa mara ya kwanza. Macho yake hayakuwa na hasira. Laiti yangekuwa nayo.

"Wadogo zako wameshakua, Hawa. Sasa unanyamaza kwa ajili ya nani?"

Ninafungua mdomo na unatoka mvuke, mwingi, kama ule unaoruka kwenye ndoo chuma chekundu kinapozama. Unamfunika. Ninapapasa, nagusa kitambaa cha kanzu, kinateleza. Sauti yake inatoka mbali kidogo, yenye subira, kama alipokuwa akinielekeza nilegeze mkono wa nyundo.

"Mwambie Zaina. Mwambie wewe, kwa mdomo wako, kabla hajalisoma jambo hili kitabuni."

Nikaamka. Nje kulikuwa kumepambazuka na Hoza alikuwa anafagia uwanja. Nilitoka nikiwa na kanga niliyolalia, nikamsimulia yote kabla sijanawa uso. Alisikiliza ameegemea fagio. Akauliza kama ni kweli nilikiharibu kile chuma kwa sababu yao. Nikamjibu kwamba ndivyo nilivyozoea kusema, lakini siku ile hawakuwa kichwani mwangu hata kidogo. Nilichotaka ni yule mzee wa plamsi anione. Na baadaye nilinyamaza kwa hofu, hofu ikageuka mazoea, na Jumamosi sikuwa hata na hofu, nilikuwa na jina tu la kulinda.

"Basi usitubebeshe, dada," alisema, akaendelea kufagia.

Bwana Mchau nilimpigia simu mchana, na hilo lilikuwa jepesi. Alifuta aliyoyaandika, akaniomba nirudie taratibu habari ya mikato iliyolala kushoto, akaandika jina langu. Alifurahi hasa, akasema hajawahi kukuta alama ya fundi mwanamke kwenye springi za wakati ule. Ilinibidi nimkatize ili asiendelee kunisifu.

Lakini kabla ya hapo nilikuwa nimetoka kwa Zaina. Nilimkuta barazani anasahihisha madaftari ya wanafunzi wake. Alinikaribisha, akaniuliza habari za Hoza, akataka kuinuka anitilie chai. Nilimwomba akae. Mimi sikukaa. Nilimwambia mabapa yalikuwa mawili, na ndoo ilikuwa ya maji, na tindo lilikuwa la baba yake, na mkono ulikuwa wangu. Nilimwambia kwamba jana, mbele yake, nilisoma uongo.

Aliishusha kalamu nyekundu juu ya daftari la mtoto.

"Baba alijua?"

"Alijua. Aliiona alama."

Akatikisa kichwa polepole, si kwa kukataa, kama mtu anayejumlisha kitu. Nilidhani atalia au atanifukuza, na lolote kati ya hayo ningelipokea. Akakifunga kifuniko cha kalamu.

"Mama hakujua," alisema. "Kila Ijumaa alikuwa anachukua ndizi anampelekea Mzee Kihiyo, anamwombea baba msamaha. Alikuwa anatuambia tusimwambie baba, asije akaona aibu. Alipeleka mpaka mwaka aliokufa yeye mwenyewe."

Kisha akakusanya madaftari yake, akaingia ndani, akaurudisha mlango bila kuubamiza.

Fundi amenijia mara moja, akasema lake, akaondoka. Ninalala mapema siku hizi, nikimngoja mkewe. Bado hajanijia.